Homa Baada ya Safari ya Likizo: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Kliniki

Kila likizo ya Agosti na ya Desemba familia za Nairobi hupakia gari alfajiri na kushika barabara ya Mombasa au ya Kisumu. Wengine hulala kwenye mahema Tsavo, wengine huteremka Shimba Hills kuona maporomoko ya Sheldrick, wengine huwapeleka watoto kupanda jiwe la Kit Mikayi kisha kula samaki kando ya ziwa. Ni safari nzuri, na sina nia ya kumkataza mtu. Mimi ni muuguzi, na ninachokiona ni malaria inayofuata wiki mbili baadaye, shule zikiwa zimeshafunguliwa. Mtoto aliyeletwa siku ya kwanza ya homa hurudi nyumbani na dawa. Aliyeletwa siku ya nne tunamtafutia ambulensi.

Malaria ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa vimelea vinavyoingizwa mwilini na mbu jike wa jamii ya anofelesi, anayeuma kati ya magharibi na alfajiri. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini, kisha huvamia chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa huanza.

Lakini sisi tunaishi Nairobi. Huku kuna malaria?

Kidogo sana, na hilo ndilo linalowaponza watu wa huku. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kimelea kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kwa hiyo mtoto aliyekulia hapa hana kinga yoyote mwilini. Halafu anapelekwa Kwale, Kilifi, Siaya, Homa Bay, Busia au Kakamega, ambako maambukizi yapo mwaka mzima, analala huko siku tano, na mzazi anashangaa. Wajukuu wanaokuja kutoka Uingereza au Marekani kumwona nyanya wako katika hatari hiyo hiyo.

Tulirudi wiki mbili zilizopita na mtoto alikuwa mzima kabisa. Homa ya leo inahusianaje na safari?

Inahusiana sana. Tangu mbu aume hadi homa ianze hupita angalau siku 7, mara nyingi 10 hadi 14, na wakati mwingine mwezi au zaidi. Mbu alimuuma mtoto usiku wa pili mkiwa kambini. Homa inampata akiwa darasani. Katikati yote hayo anacheza, anakula, hana dalili hata moja. Ndiyo sababu wazazi husahau safari. Namwuliza mama, "Mmesafiri karibuni?" Ananijibu, "La, tuko tu nyumbani." Baada ya maswali matatu ndipo baba anakumbuka kwamba walikuwa Diani.

Homa inayoanza siku ya pili ya safari haikutokana na mbu wa safari hiyo, maana siku hazijatosha. Bado mtoto aonwe, hasa kama mwezi uliotangulia alikuwa ushago.

Nimempa panadol na homa ikashuka. Si amepona?

Hapana. Panadol hushusha joto, haiui kimelea hata kimoja. Homa ya malaria yenyewe hupanda na kushuka: asubuhi mtoto anaomba chai na mkate, jioni anatetemeka chini ya blanketi mbili. Huko kushuka kwa asubuhi ndiko kunakowapumbaza wazazi.

Tusubiri hadi kesho tuone?

Hapana. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Kesho ni mbali.

Na kama ni mafua tu ya baridi ya Nairobi?

Basi kipimo kitaonyesha hakuna malaria, na sote tutafurahi. Ni tone la damu kidoleni na kungoja dakika 15 hadi 20. Tafadhali, homa yoyote baada ya kulala Pwani au upande wa ziwa ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anakohoa, hata kama mafua yamemjaa, hata kama jirani anasema ni meno.

Anatapika na kuhara. Kemisti ametupa dawa ya taifodi.

Alimpima malaria kabla ya kuwauzia? Karibu kila mara jibu ni hapana. Watoto wenye malaria hutapika na kuhara, na kwa kuwa mlikula njiani Mtito Andei, lawama inaenda kwa nyama choma. Siku tatu zinapotea kwa dawa isiyo yake. Nawaomba wenzetu wa maduka ya dawa nao waulize kuhusu safari.

Mimi nilizaliwa Siaya. Malaria hainitishi.

Umeishi Nairobi miaka mingapi? Kinga ya utotoni hupungua ukikaa mbali na mbu wale. Nimewapokea wanaume wazima waliosema maneno hayo hayo, macho yakiwa ya manjano. Na mama mjamzito asifikirie hata kidogo kungoja.

Tuna dawa iliyobaki mwaka jana. Tuanze nayo?

Msiianze. Kwa nini ilibaki? Dozi ya AL (artemetha-lumefantrini, vidonge vya kutibu malaria) ni ya siku tatu, mara sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Humezwa na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifanye kazi vizuri, na humalizwa hata mtoto akianza kuruka kitandani siku ya pili. Ikibaki, ina maana kuna mtu hakutibiwa sawasawa.

Kipimo kimesema hana malaria, lakini homa inaendelea.

Rudini siku inayofuata, apimwe tena. Vimelea vikiwa vichache mwanzoni vinaweza kukosa kuonekana.

Ni lini twende hospitali moja kwa moja, hata usiku wa manane?

Mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipauka viganja, au akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali. Msipitie kwa kemisti, msimkande maji kwanza.

Safari ijayo tujikinge vipi?

Kulala ndani ya neti iliyotiwa dawa, mikono mirefu na suruali kuanzia jua linapozama, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Mahema mengi yana wavu, lakini zipu huachwa wazi tangu saa kumi na mbili jioni hadi watu waingie kulala. Mbu wanakuwa wameshatangulia. Moshi wa moto wa kambi si kinga. Dawa za kumeza za kuzuia malaria zipo pia: muulizeni daktari kabla ya kuondoka, maana doxisaiklini, kwa mfano, haipewi watoto walio chini ya miaka 8 wala wajawazito, na humezwa hadi wiki 4 baada ya kurudi.

Nikifika kliniki nianze kusema nini?

Anza na safari, kabla hata ya kusema homa ilianza lini. "Tulilala Watamu usiku wanne, tukarudi tarehe fulani." Andika kwenye simu mahali mlipolala na tarehe zake, uache hapo mwezi mzima. Na kama anayempeleka mtoto ni msaidizi wa nyumbani au shangazi ambaye hakusafiri nanyi, mtumie ujumbe huo kabla hajatoka mlangoni.