Maji ya kisima si mto uliojificha
Wengi huamini kwamba chini ya ardhi kuna mito na maziwa, na kwamba anayechimba kisima amebahatika kugonga mkondo wake mwenyewe. Mito ya aina hiyo ipo kweli, hasa kwenye miamba ya chokaa iliyoliwa na maji ikawa mapango. Kwingineko maji hukaa katikati ya chembe za mchanga na kokoto, au katika nyufa za miamba, kama yakaavyo kwenye sifongo. Husogea polepole, pengine mita chache tu kwa mwaka.

Dhana hii ina madhara, ndiyo maana inanisumbua. Ukidhani kisima ni chako peke yako, vipimo vya maji yake navyo utaviona siri yako. Kumbe pampu ikivuta, usawa wa maji hushuka pande zote, na kisima cha jirani kinaweza kukauka asijue sababu. Hifadhi ya maji ya Guarani imelala chini ya Brazili, Argentina, Paragwai na Urugwai. Hakuna nchi kati ya hizo inayoweza kuielewa yote kwa visima vyake pekee.

Setilaiti za GRACE, zilizorushwa 2002, zilipima mabadiliko ya maji kutoka angani, ila kwa maeneo makubwa mno. Kisima kimoja hazikioni. Bado kinahitajika kipimo cha kina cha maji kisimani, pamoja na tarehe na mahali, vikiandikwa mwaka baada ya mwaka na kuachwa wazi kwa yeyote. IGRAC, kituo cha kimataifa cha maji ya chini ya ardhi kule Delft, Uholanzi, hukusanya vipimo hivyo kutoka nchi mbalimbali.