Kasi ya kimbunga si mwendo wake

"Kimbunga kinakuja kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa." Sentensi hii huzagaa Mombasa kila bahari ya kusini inapochafuka, na kila mara huzaa hesabu ileile: kiko kilomita 600, basi baada ya saa tano kitakuwa Nyali. Sivyo. Hiyo 120 ni kasi ya upepo unaozunguka ndani yake. Kimbunga chenyewe huenda kinasogea kilomita 12 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia, na umbali huo kitaumaliza kwa saa 50, kama hakijageuza njia au kufia baharini.

Maana yake ni fupi. Kimbunga ni upepo unaozunguka kitovu ambako kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ni ndogo, juu ya bahari yenye joto. Kusini mwa Ikweta huzunguka kufuata mishale ya saa. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion, kinachofuatilia bahari hii, huanza kukiita kimbunga upepo wake ukifika kilomita 118 kwa saa. Chini ya hapo ni dhoruba. Kusi ya Julai, hata ing'oe mabati Likoni, si kimbunga, kwa sababu haizunguki kitovu chochote.

Maneno yenyewe yanasaidia. Dhoruba, au dharuba kama wanavyotamka wengine, limetoka kwenye neno la Kiarabu la pigo. Tufani nalo huko Kiarabuni ni gharika, ile ya Nabii Nuhu. Moja linataja pigo, jingine linataja maji, na hakuna linalotaja safari. Hilo pigo ndilo nambari ya tatu, baada ya upepo na mwendo, inayosahaulika: 118 ni wastani wa dakika 10, uliopimwa mita 10 juu ya ardhi, lakini mvumo wa sekunde chache unaweza kufika 160 na zaidi. Paa huondoka kwa mvumo, si kwa wastani. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo kwenye bati huzidi mara nne. Marekani hupima wastani wa dakika moja, kwa hiyo kimbunga hichohicho kwao hupata nambari kubwa zaidi.

Ugumu wa utabiri umejificha katika tofauti hiyohiyo ya mwendo na upepo. Njia ya kimbunga huamuliwa na mikondo mipana ya hewa inayokisukuma, na mikondo hiyo kompyuta huiona vizuri siku kadhaa kabla. Nguvu huamuliwa na kiini, yaani jicho na ukuta wa mawingu unaolizunguka, eneo la makumi ya kilomita tu. Maji yanatakiwa yawe na nyuzi 26.5 au zaidi, tena joto hilo lifike kina cha kama mita 50. Upepo wa juu ukivuma tofauti na wa chini, nguzo ya mawingu huinama kama mnazi na joto lake hutawanyika. Hewa kavu ikipenya, mawingu hukatika. Na hapa mwendo unarudi: kimbunga kinachojikokota mahali pamoja hukoroga maji baridi kutoka chini na kujinyima chakula chake. Atlantiki wana ndege zinazoingia ndani ya jicho kupima. Huku wataalamu hukisia nguvu kwa kusoma umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti.

Ndiyo maana huko Meksiko, Oktoba 2023, kimbunga Otis kilitoka upepo wa kilomita 100 hivi hadi 265 ndani ya siku moja kabla ya kuipiga Acapulco, na kompyuta karibu zote hazikuliona hilo. Kinyume chake kilitokea kwetu: Hidaya, kilichotoka bahari yetu, kilishika nguvu ya kimbunga kamili Mei 2024, kisha kikazimika karibu na Mafia. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, ambako mzunguko wa dunia haukipi kimbunga msokoto wa kutosha. Mara nyingi kinachotufikia ni mvua na mawimbi makubwa, na mawimbi hayo hutangulia.

Basi sentensi ile iandikwe hivi: "Upepo wake unavuma kilomita 120 kwa saa, chenyewe kinasogea 12, kuelekea magharibi." Taarifa ikikupa nambari moja tu, uliza ni ya upepo au ya safari kabla ya kumwambia nahodha avute mashua juu.