Nebula ya Jabari ikiwa utosini: kupoza kamera kwenye joto la Pangani

Kila Januari napakia vyombo vyangu kwenye buti la gari nashika njia ya Pangani, pwani ya Tanzania. Sifuati samaki wala kuogelea, nafuata hesabu moja ndogo. Nebula ya Jabari, wingu linalong'aa kwenye kundi la nyota la Jabari (Orion), namba 42 kwenye orodha ya Messier ya vitu vya anga, iko digrii 5 na dakika 23 kusini mwa ikweta ya anga. Mji wa Pangani nao uko digrii 5 na dakika 25 hivi kusini mwa ikweta ya dunia. Basi katikati ya mwezi huo, kwenye saa nne na dakika ishirini usiku, nebula inapita juu ya utosi wako kabisa. Anayeipiga picha kutoka London inabidi aitazame kwa kupenya hewa nyingi ya upande wa kusini. Sisi inatupitia mahali hewa ilipo chache kuliko pote.

Kwa macho matupu tafuta zile nyota tatu za mkanda wa Jabari, kisha upanga uliojining'iniza kandoni. "Nyota" ya katikati ya upanga ina ukungu ukungu. Ndiyo yenyewe: wingu la gesi na vumbi lililo mbali kiasi cha miaka-nuru 1,340, linalowashwa na nyota changa chache zilizosongamana ndani yake.

Darubini yangu ni ndogo. Lenzi ya milimita 51, urefu wa fokasi milimita 250. Ukiiona utadhani ni ya mpiga picha za harusi. Nyuma yake imefungwa kamera ya rangi yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya mraba, pikseli 3008 kwa 3008, na feni mgongoni. Kwa vipimo hivyo napata kipande cha anga cha digrii 2.6 kila upande. Nebula inakula kama digrii moja, upana wa miezi mipevu miwili, na nafasi inabaki ya kuingiza lile wingu la buluu la jirani yake, NGC 1977.

Wengi wanaponiuliza kuhusu kamera ya kupozwa hutaraji kwamba ubaridi utawapa picha kali zaidi. Sivyo. Sensa ikipata joto huzalisha elektroni zake yenyewe hata ukiifungia gizani, na pikseli haiwezi kutofautisha elektroni iliyoletwa na nyota na ile iliyoletwa na joto. Elektroni hizo za joto, ambazo sisi tunaziita kelele, hupungua kwa takriban nusu kila ukishusha nyuzi 6 hivi. Usiku wa Januari Pangani hewa haishuki sana chini ya nyuzi 26, na sensa inayofanya kazi ndani ya kasha lake huwa na joto kuliko hewa. Ukiitoa nyuzi 30 ukaifikisha sifuri, umekata nusu mara tano: imebaki sehemu moja ya thelathini na mbili.

Sasa, kwa nebula hii, punguzo hilo linakusaidia wapi? Katikati kule penye nyota nne ziitwazo Trapezi, halikusaidii chochote. Pale mwanga ni mwingi mno hivi kwamba kelele ya joto haionekani. Shida ya pale ni pikseli kujaa. Picha ya sekunde 180 inageuza moyo wote wa nebula kuwa doa jeupe, na ukishajaza pikseli hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea. Ubaridi faida yake iko kingoni, kwenye vile vitambaa vya vumbi la kahawia vinavyozidi weusi wa anga kwa kiasi kidogo sana.

Kwa hiyo mimi napiga seti tatu. Sekunde 5 kwa ajili ya Trapezi, sekunde 30 kwa mbawa za nebula, sekunde 180 kwa vumbi. Za sekunde 5 nikipata arobaini zinatosha. Za sekunde 180 natafuta sitini, yaani saa tatu nzima, maana kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: ukitaka picha safi mara mbili, lazima ukusanye mara nne. Henry Draper, daktari wa New York, ndiye aliyepiga picha ya kwanza kabisa ya nebula, tarehe 30 Septemba 1880, na aliichagua hii hii. Aliacha bamba lake wazi dakika 51. Bamba moja! Mimi nikikosea moja nalitupa, nabaki na hamsini na tisa.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na tamaa. Niliiamuru kamera ishuke hadi hasi 10 kwa mpigo, na ufukweni unyevu ni wa kukamua. Baada ya nusu saa kila picha ilikuwa na kivuli cha duara katikati, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Ulikuwa umande ulioganda kwenye kioo cha mbele ya sensa. Isitoshe kipoozeo kilikuwa kinakimbia asilimia mia na betri ya gari ikafa kabla ya saa saba. Siku hizi natulia kwenye sifuri, nashuka polepole kwa dakika kumi na tano, na nimebadilisha vile vidonge vya kufyonza unyevu ndani ya kamera.

Kinachonitoa jasho kweli ni stendi. Stendi hizi huzungusha darubini ifuate nyota, kwa hiyo hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na kwetu ncha ya kusini iko digrii 5 tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya minazi na ukungu wa bahari. Skrubu ya stendi yangu haishuki chini ya digrii 10, kwa hiyo naufupisha mguu wa kusini hadi mhimili ulale. Halafu nachagua nyota iliyo karibu na utosi, natazama kwenye skrini inaserereka kaskazini au kusini, nasukuma stendi kidogo, natazama tena. Narudia kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki. Saa nzima inaweza kuishia hapo. Mzee mmoja mvuvi alisimama akanitazama nikiinama na kuinuka, mwishowe akauliza, "Mwanangu, umepoteza nini hapo?"

Nebula ikivuka utosi, darubini lazima igeuzwe upande wa pili wa stendi. Shika waya kwa mkono wakati huo. Nilishawahi kuuona wa umeme wa kamera ukijizonga kwenye mguu wa tripodi.

Kuunganisha picha nafanya kwa programu ya Siril, ni ya bure. Ila kabla ya hapo zinahitajika picha za giza: darubini imefunikwa, sekunde zile zile, ubaridi ule ule, ili programu itoe kelele iliyobaki. Kamera isiyopozwa ingenilazimisha kuzipiga pale pale ufukweni, joto likibadilika kila saa. Kwa hii yangu nazipiga wiki nzima baadaye nyumbani, kwa sifuri ile ile, ndani ya kabati la nguo. Mke wangu ameshazoea kusikia feni ikivuma nyuma ya mashati.