Tartani za koo za Uskoti zina umri gani?
Wengi huamini kwamba tangu kale kila ukoo wa Nyanda za Juu za Uskoti ulikuwa na tartani yake, yaani mpangilio wake maalumu wa miraba ya rangi. Kitambaa chenyewe ni cha kale kweli, lakini desturi ya kukigawa kwa koo ilienea hasa baada ya ziara ya Mfalme George wa Nne wa Uingereza mjini Edinburgh mwaka 1822. Katika kijiji cha Bannockburn, kando ya kijito, wafumaji walikuwa wakitambua baadhi ya mitindo yao kwa namba au majina ya miji. Anayetaka kuhakikisha atazame picha zilizochorwa kabla ya 1746, ambamo watu wa ukoo mmoja huvaa miraba tofauti. Kwangu, huo ni ushahidi mzito kuliko lebo ya dukani yenye jina la ukoo.