Funksheni ya kufomati maandishi katika SQL

Jaribu kuingiza jina Ng'ang'a kwenye amri ya SQL, lugha ya kuamuru kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta), kwa kuunganisha vipande vya maandishi. Amri itakwama. Katika SQL, ritifaa (') ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Kanzidata ikishasoma 'Ng' inaona jina limekwisha, halafu inakutana na "ang" isiyojua ni ya nini.

Hapo ndipo funksheni ya kufomati inapohitajika. Unaipa kiolezo chenye nafasi wazi na thamani za kuzijaza, nayo inakurudishia maandishi kamili. Wazo lenyewe ni la printf, funksheni ya kufomati ya lugha ya C, lakini waliounda format() ya PostgreSQL, programu ya kanzidata, iliyoingia toleo la 9.1 mwaka 2011, hawakuichukua nzima. Mambo ya desimali waliiachia to_char, funksheni nyingine ya PostgreSQL. Wao walibaki na alama tatu: %s huweka thamani ilivyo, %I ni ya majina ya majedwali na safu, %L ni ya data, huizungushia ritifaa na kurudufu zilizomo ndani, hivyo tunapata 'Ng''ang''a'. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa busara, maana kwenye kanzidata swali si namba ionekane vipi, bali neno hili ni data au ni sehemu ya amri. Anayetumia %s pale panapotakiwa %L amemfungulia mlango mtu wa kupenyeza amri zake.

Kisha kuna NULL, yaani thamani isiyokuwepo. Ukiunganisha maandishi kwa alama ya ||, NULL moja tu humeza sentensi nzima: mteja asiye na jina hapati ujumbe wa salio kabisa. Kwa format(), %s huacha nafasi tupu, %L huandika NULL bila ritifaa, na %I hutoa kosa, kwani jedwali lisilo na jina haliwezi kuulizwa kitu.

Nafasi zinaweza pia kupewa namba. Kwa thamani 'gari' na 'jekundu', Kiswahili hutumia '%1$s %2$s'. Kiingereza, kinachotanguliza sifa, kitageuza namba hizo tu kwenye kiolezo chake.

Na thamani zikipungua? PostgreSQL inakataa kwa kosa. SQLite, programu nyingine ya kanzidata, huzihesabu zilizokosekana kuwa NULL na kuendelea, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo. Ila zikizidi, PostgreSQL nayo hunyamaza.