Nyigu mpweke hana upweke

Juzi nimeisikia tena. Mtu kamwona nyigu akizunguka dirishani na tonge la udongo mdomoni, akasema kwa masikitiko, "Maskini, huyu mpweke, kafukuzwa na wenzake." Hana wenzake wa kumfukuza, tangu azaliwe.

Nyigu mpweke ni yule ambaye jike hujenga kiota, huwinda, hutaga na kuziba mlango yeye mwenyewe, bila malkia wala wafanyakazi. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Linalotuponza ni neno lenyewe. Peke na pweke ni ndugu, ila lugha imewagawia kazi tofauti. Peke huhesabu tu: kaja peke yake, yaani mmoja. Upweke umebeba majonzi: mjane, mgonjwa aliyesahauliwa, mtu asiye na wa kuongea naye. Kwa nyigu tunahesabu mikono inayojenga, jawabu linakuwa mmoja. Huzuni tumeiongeza sisi.

Wala si lazima akae mbali na wengine. Majike wa Bembix, nyigu wapweke wachimbaji wa mchangani, huweza kutoboa mashimo makumi kwa makumi kwenye kipande kimoja cha ardhi. Ukitazama utadhani ni kijiji. Lakini kila jike ana shimo lake, na inzi anaowaleta siku baada ya siku ni wa funza wake tu, yaani watoto wake wachanga. Ni majirani, si ushirika.

Na kiota chenyewe si nyumba ya mama. Tumrudie yule wa dirishani, mfinyanzi wa jamii ya Sceliphron. Sogea karibu utamsikia akivuma kwa sauti nyembamba anapolitandaza tonge, ukanda juu ya ukanda. Chumba kikikamilika hukijaza buibui aliowadunga wakapooza. Wengi hawajafa, ndiyo maana hawaozi upesi. Hutaga yai moja, huziba, huanza chumba kingine pembeni. Funza akianguliwa anakuta chakula kimemzunguka, na mama kwa kawaida hamwoni kamwe.

Kwa hiyo ukimwona tena na tonge lake, sema anajenga peke yake, inatosha. Huruma, kama unayo, mpe buibui.