Maswali ya mafumbo ya hisabati: kwa nini jibu sahihi hukosa alama

Kila mitihani ya muhula inaporudishwa, wazazi wa Moshi hutuletea lalamiko lile lile: mtoto kapata 11, jibu ni 11, ila kakatwa alama. Wengine wanadhani mwalimu ana kinyongo. Tunawaomba wasome swali kwanza. Limesema "unda mlinganyo", na mlinganyo haupo.

Chukua hili: Neema na Asha wameuza ndizi 27 sokoni Mbuyuni. Asha ameuza 5 zaidi ya Neema. Unda mlinganyo, kisha tafuta Neema ameuza ngapi.

Wengi huandika 27 − 5 = 22 ÷ 2 = 11. Ukiusoma mstari huo ulivyo, unadai 27 − 5 ni 11. Alama ya sawa na haitumiki kusema "halafu". Kazi inaanza kwa sentensi: idadi ya ndizi alizouza Neema iwe x. Za Asha ni x + 5. Kwa pamoja, x + x + 5 = 27, kwa hiyo 2x = 22 na x = 11. Hakiki kwa kurudi kwenye maneno ya swali: 11 na 16 ni 27, tofauti yake 5.

Herufi husimama badala ya idadi. Anayeandika "n = ndizi" bado hajasema kitu, na kosa lake hujitokeza kwenye swali kama hili: shambani migomba ni mara 4 ya mibuni. Kwake m ni migomba na b ni mibuni, basi "migomba 4 kwa kila mbuni 1" anaiandika 4m = b. Mpe namba ajaribu: mibuni 10, migomba 40. Je, 4 × 40 ni 10? Sahihi ni m = 4b, m ikiwa idadi ya migomba na b idadi ya mibuni. "7 pungufu ya x" nayo huwapindua. Ni x − 7, ingawa 7 imetajwa kwanza.

Maswali ya umri ndiyo yenye mtego hasa. Baba ana umri mara 3 ya mwanawe. Baada ya miaka 10 atakuwa na umri mara 2 ya mwanawe. Mwana ana x, baba 3x, na miaka 10 huongezwa kwa wote wawili: 3x + 10 = 2(x + 10), x = 10. Anayesahau mabano huandika 3x + 10 = 2x + 10 na kupata x = 0, yaani baba na mwana wote wamezaliwa leo. Hata hapo wapo wanaopigia jibu mistari miwili na kuendelea.

Kuhusu alama: swali la alama 5 katika mtihani wa shule laweza kugawanywa hivi: 1 kueleza x ni nini, 2 mlinganyo, 1 kutatua, 1 jibu. Jibu tupu hupata 1. Mlinganyo sahihi ulioharibikiwa wakati wa kutatua hubaki na 3. Huu ni mfano tu. Miongozo ya mitihani ya taifa ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania.

Bado huridhiki? Anza kwa mwalimu wa somo, kisha mwalimu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu, ndipo afisa elimu kata. Usiruke ngazi, utarudishwa. Njoo na karatasi halisi isiyofutwa wala kuongezwa kitu, pamoja na swali lenyewe. Picha ya jibu peke yake kwenye simu haitusaidii.